Majumba ya Michenzani hayakujengwa na Wajerumani

Kila anayepita Michenzani, mjini Zanzibar, kwa daladala huelezwa kwamba majumba yale marefu ni zawadi ya Wajerumani. Si kweli, na inafaa tuseme wazi, maana maelezo hayo yanawafuta watu wetu wenyewe.

Ujerumani Mashariki ilisaidia kweli, lakini zaidi Kikwajuni na Kilimani, baada ya Mapinduzi ya 1964. Mwaka 1968 mtaalamu wao, Hubert Scholz, alichora mpango wa mji. Michenzani yenyewe ni kazi ya Serikali ya Mapinduzi, na Mzee Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliisimamia kwa mkono wake. Ardhi yote ilikuwa imeshatangazwa mali ya serikali, kwa hiyo mchoro ungeweza kupita juu ya mtaa wowote.

Na ulipita. Njia mbili pana zilikatwa zikakutana pale kwenye mzunguko, na nyumba za udongo za Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, baraza zake na vichochoro vyake, zikavunjwa. Majumba yakasimama kandokando ya njia hizo, mengine yakinyooka karibu mita 300. Zege liliinuliwa na Wazanzibari, wengi kupitia kazi za kujitolea zilizoitishwa na matawi ya ASP (Afro-Shirazi Party), chama kilichotawala wakati huo, na si rahisi kusema kila mmoja alikuwa na hiari ya kukataa.

Karume aliuawa Aprili 1972. Ujenzi ukaendelea bila yeye. Wazee waliobeba mchanga ule bado wapo mitaani. Waulizeni.