Sabuni za Kunyolea Zilizopikwa kwa Mkono: Maswali na Majibu Kuhusu Ngozi ya Mwenye Ndevu

Anayenyoa kwa brashi, bakuli na wembe mmoja siku hizi hakosi kusikia habari za sabuni za kunyolea zinazopikwa kidogo kidogo na mafundi wa Ulaya na Marekani, ambazo huletwa na ndugu aliye ughaibuni au huagizwa mtandaoni, na ambazo kopo moja linaweza kugharimu kuliko kunyolewa mara kadhaa kwa kinyozi wa mtaani. Majibu yafuatayo yanazilinganisha kwa jambo moja tu, yaani kile ambacho kila aina inaifanyia ngozi, hasa ngozi ya mtu mwenye ndevu za kipilipili.

Swali: Sabuni ya kunyolea ina tofauti gani na sabuni ya kuogea?

Zote mbili ni mafuta yaliyopikwa pamoja na alkali, lakini alkali hizo si moja. Sabuni ya kuogea hupikwa kwa alkali ya sodiamu, ambayo hutoa kipande kigumu kinachokaa muda mrefu bafuni, ilhali sabuni nzuri ya kunyolea huchanganya alkali ya sodiamu na ile ya potasiamu, na mara nyingi potasiamu huwa ndiyo nyingi zaidi. Sabuni ya potasiamu ni laini, huyeyuka upesi, na hushika maji mengi. Mafuta nayo huchaguliwa kwa makusudi: mpishi hutafuta yenye asidi ya steariki, moja ya asidi zinazounda mafuta, kwa wingi, au huongeza asidi hiyo yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayotoa povu zito lenye vipovu vidogo visivyopasuka upesi. Povu la sabuni ya kuogea hujaa uso mzima kwa fahari, kisha hukauka kabla wembe haujamaliza shavu la kwanza.

Swali: Povu hilo hufanya kazi gani hasa?

Kazi yake ya kwanza ni kushikilia maji juu ya unywele. Unywele mkavu ni mgumu. Ukikaa katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 2 hadi 3 hufyonza maji, huvimba na kulainika, na nguvu inayohitajika kuukata hupungua sana. Kazi ya pili ni kuweka utelezi kati ya wembe na ngozi, ili wembe ukate unywele bila kukwangua tabaka la juu la ngozi. Povu linalovutia macho kwa wingi wake huenda likawa limejaa hewa tu, na hewa haitelezi. Anayeanza kunyoa kwa brashi kwa kawaida hukosea hapo, kwani hutia sabuni nyingi na maji machache, kisha huilaumu sabuni.

Swali: Ipi ni bora kwa ngozi, sabuni ya shahamu ya mnyama au ya mafuta ya mimea?

Swali hili huzua ubishi mkubwa kuliko linavyostahili. Shahamu ya ng'ombe au kondoo ina asidi ya steariki na ya palmitiki kwa kiasi kizuri, na sabuni yake huacha ngozi ikiwa laini baada ya kuoshwa. Cella ya Milano, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1899 na ambayo hunukia lozi, ni mfano wa zamani wa sabuni ya shahamu iliyochanganywa na mafuta ya nazi. Huko Marekani, Stirling ya jimbo la Arkansas hupika sabuni za shahamu zenye lanolini, yaani mafuta yanayotolewa kwenye sufu ya kondoo. Lanolini hiyo ndiyo iliyoipa sifa Mitchell's Wool Fat ya Bradford, mji wa Uingereza uliotajirika kwa viwanda vya sufu, na mwenye ngozi kavu huhisi tofauti yake pale anapofuta uso kwa taulo.

Upande wa mimea, Martin de Candre ya Fontevraud, Ufaransa, hutoa povu zito kabisa bila shahamu yoyote, jambo linalotosha kuonyesha kwamba mnyama si lazima. Mafuta ya kakao na siagi ya mti wa shea yana asidi ya steariki kwa wingi kuliko hata shahamu, kwa hiyo mpishi anayejua kazi yake anaweza kufika palepale kwa njia nyingine. Kwa maoni yangu, ustadi wa mpishi na kiasi cha mafuta ya ziada anachokiacha bila kugeuka sabuni vina uzito kuliko asili ya mafuta hayo. Angalizo ni moja: wapo watu wachache ambao ngozi zao huwa na mzio wa lanolini, na mtu aliyewahi kupata ukurutu kwa mafuta ya kujipaka yenye lanolini aiepuke hata katika sabuni ambayo itaoshwa mara moja.

Swali: Nitajuaje kama sabuni ina mafuta ya nguruwe?

Muislamu au mtu mwingine anayejiepusha na nguruwe asome orodha ya viambato, si jina lililopambwa mbele ya kopo. Neno "tallow" kwa desturi humaanisha shahamu ya ng'ombe au kondoo, na "lard" ni ya nguruwe, hivyo "sodium lardate" ni sabuni iliyotokana na nguruwe. Neno "tallow" peke yake halielezi mnyama alichinjwaje, na asiyeridhika na hilo ana sabuni za mimea za kutosha. Watu wengi huikagua sabuni na kuisahau brashi, ilhali zile zinazouzwa kwa jina la "boar" hutengenezwa kwa manyoya magumu ya nguruwe. Brashi za nyuzi za kiwandani huondoa shaka hiyo, hukauka upesi, na kwa upande wa usafi nazipendelea kuliko za manyoya.

Swali: Je, sabuni ya nazi inayotengenezwa hapa kwetu pwani inafaa kunyolea?

Inafaa kwa kiasi. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo hutoa povu jingi na la haraka, hata katika maji yasiyo mazuri, lakini husafisha kwa nguvu hadi kuondoa mafuta ya asili ya ngozi. Sabuni ya nazi tupu humwacha anayenyoa akihisi uso umekazwa kama ngozi ya ngoma, na akirudia kila siku ngozi hukauka na kuwasha. Ndiyo maana wapishi wa sabuni za kunyolea huitia nazi kidogo, kwa ajili ya kuamsha povu, na kuacha kazi kubwa kwa mafuta mengine. Sabuni za mwani zinazotengenezwa na akina mama wa Paje, Unguja, ni nzuri kwa kuogea, ila hazikupikwa kwa ajili ya wembe.

Kwa sabuni yoyote ya nyumbani kuna hatari nyingine: alkali ikizidi mafuta, ile iliyobaki bila kugeuka sabuni huunguza. Sabuni inayochoma mkononi isipelekwe usoni. Na kopo linalodai kuwa sabuni halisi iliyomo ina pH (kipimo cha asidi na alkali) sawa na ngozi lisiaminiwe, kwa sababu pH ya sabuni halisi huwa kati ya 9 na 10, na ile ya ngozi huwa karibu na 5. Ngozi yenye afya hujirudisha katika hali yake baada ya saa chache, iliyochubuka huchelewa.

Swali: Harufu ina madhara?

Harufu ndiyo sehemu ya sabuni inayouza zaidi, na ndiyo inayoleta mzio mara nyingi. Manukato ya asili hayako nje ya hukumu hii. Mafuta ya karafuu yana yujenoli, maganda ya machungwa na ndimu yana limonini, na mrujuani (lavenda) una linalooli, na zote tatu zinajulikana kuamsha mzio kwa baadhi ya watu, hasa limonini na linalooli zikikaa na kuingiliana na hewa. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2003 sheria inayowataka watengenezaji kutaja kwa majina viambato 26 vya harufu pindi vinapozidi asilimia 0.01 katika bidhaa za kuoshwa, na mwaka 2023 orodha hiyo ilirefushwa sana. Kwa hiyo orodha ndefu kwenye kopo la Ulaya isikutishe kuliko kopo lililoandikwa "manukato" tu bila maelezo, kwa kuwa la kwanza limekuwa mkweli zaidi. Anayewashwa na wekundu baada ya kunyoa aanze na sabuni isiyo na harufu kabisa, ambayo mafundi wengi huipika, na harufu azihamishie kwenye nguo, ambako udi umekaa karne nyingi bila kumdhuru mtu ngozi.

Mentoli, yaani kiini cha mnanaa, inayopatikana kwa mfano katika Proraso ya kijani kutoka Firenze pamoja na mafuta ya mkaratusi, haipoozi ngozi kwa kweli. Huamsha tu mishipa ya fahamu inayohisi baridi. Ubaridi huo unaweza kuficha maumivu ya ngozi iliyokwisha kuchubuka, na mtu akaendelea kupitisha wembe mahali palipostahili kuachwa.

Swali: Kuna sabuni inayoponya vipele vya ndevu?

Hakuna, na anayeiuza kwa ahadi hiyo anakudanganya. Vipele hivyo hutokana na umbo la unywele. Ndevu za kipilipili hukua kwa kujikunja. Zikikatwa karibu mno, ncha yake inakuwa kali kama ya mkuki, hujipinda na kuchoma ngozi kutoka nje, au huchoma ukuta wa kitundu chake kabla hata haijatokeza. Mwili huupokea unywele huo kama mwiba uliomchoma mtu: hapo panavimba, panawasha, huenda pakatunga usaha, na pakipona hubaki weusi au, kwa wenye mwelekeo huo, kovu lililotuna. Hali hii huwapata kwa wingi wanaume wenye asili ya Afrika, na ni ya kawaida kiasi kwamba jeshi la Marekani kwa miaka mingi liliwapa baadhi ya askari wake vibali vya kutonyoa ndevu kwa wembe.

Sabuni nzuri husaidia kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Utelezi wake humwezesha mtu kunyoa kwa mkono mwepesi, kwa kufuata uelekeo wa ndevu, bila kurudia mahali pamoja mara tatu na bila kuivuta ngozi ili wembe ufike chini zaidi. Wembe mmoja katika hili una nafuu kuliko vile vyenye makali matatu au matano, ambavyo huinua unywele na kuukatia chini ya usawa wa ngozi, ukakulia humo humo. Mtu ambaye vipele vyake ni vingi aache wembe kwa wiki kadhaa, kisha atumie mashine ya umeme inayobakiza ndevu za urefu wa kama milimita 1, na uso huo hautahitaji sabuni ya aina yoyote kati ya hizi. Asivitumbue kwa kucha. Vikitoa usaha, vikiacha makovu yanayokua au vikihamia kisogoni, amwone mtaalamu wa ngozi, na asikimbilie sabuni au krimu za kujichubua ili kuondoa weusi, kwa maana baadhi yake zimekutwa na zebaki, ambayo huharibu figo.

Swali: Nimenunua sabuni inayosifiwa lakini haitoi povu. Kwa nini?

Yapime maji kwanza. Visima vingi vya pwani vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake hubeba madini ya kalisi ambayo huishika sabuni na kuigeuza utando mweupe usioteleza. Kama birika lako lina ukoko mweupe ndani, hiyo ndiyo sababu. Kuchemsha maji na kuyaacha yatue hupunguza sehemu ya madini hayo, na maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora zaidi. Kikombe kimoja kinatosha kunyolea.

Swali: Tunaweza kutumia brashi na sabuni moja nyumbani?

Bora kila mtu awe na vyake, na wembe usishirikishwe kamwe, hata kati ya baba na mwanawe. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na tone la damu lisiloonekana kwa macho linatosha kuambukiza. Brashi nayo ina historia yake: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, baadhi ya wanajeshi na raia wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta cha ngozi kutokana na brashi za kunyolea zilizotengenezwa kwa manyoya ya farasi ambayo hayakusafishwa ipasavyo. Brashi za leo hazina hofu hiyo, lakini brashi inayoachwa na povu ndani ya kopo lililofunikwa, katika joto la Mombasa au Dar es Salaam, huota ukungu. Isuuzwe, ikung'utwe, ikauke penye upepo, na kopo la sabuni lifunikwe baada ya kukauka.

Kipande cha shabu, ambacho vinyozi wa zamani walikisugua juu ya uso uliolowa baada ya kunyoa, husaidia kuzuia damu ya mikwaruzo midogo. Shabu hiyo pia ni ya mtu mmoja. Kwa kinyozi, mwambie akupake shabu ya unga, au uende na kipande chako mfukoni.