Fikra bunifu za Weusi na ujumuishi: nani aliuwazia mji?

Kwenye mijadala ya wasanii na wasanifu majengo siku hizi hukosi kusikia "fikra bunifu za Weusi", na neno "ujumuishi" haliko mbali. Kwa lugha nyepesi, fikra bunifu za Weusi ni uwezo na haki ya watu Weusi kuuwazia mji, jengo au picha kwa kuanzia kwenye maisha yao wenyewe, na mawazo hayo yakasimama kweli kwa zege, mbao au rangi. Ujumuishi ni hali ya mahali kumpokea kila mtu: mwenye gari na mwenye mkokoteni, mzee, anayetumia kiti cha magurudumu, asiye na hela ya soda. Mambo haya mawili hayaachani, maana mtu anaweza kuruhusiwa kuingia mahali ambapo aliyepachora hakumfikiria hata kidogo.

Dar es Salaam inalijua hilo. Mji huu uligawanywa kwa rangi ya ngozi. Wajerumani walianza, Waingereza wakaendeleza. Kanda ya kwanza ilikuwa ya Wazungu, ya pili ni Uhindini kwenye maduka, ya tatu ni Kariakoo na Ilala kwa Waafrika, na kila kanda ilikuwa na kanuni zake za nyumba. Uwazi wa Mnazi Mmoja, ambako leo watu wanapumzika kivulini, ulitengwa ili Kariakoo isigusane na Uhindini.

Ukipita makutano ya barabara za Samora na Azikiwe, simama uiangalie vizuri Sanamu ya Askari. Ni mwanajeshi Mwafrika, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Ilizinduliwa 1927, kazi ya mchongaji Mwingereza, James Alexander Stevenson. Maandishi yake yanawakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na yanaahidi kwamba ukifa ukiipigania nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako. Sasa tafuta jina hata moja pale. Hakuna. Kabla yake mji ulikuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, na askari Mwafrika alikuwa chini, akimtazama bwana wake. Kwa hiyo askari alipandishwa cheo, tuseme, lakini aliyemwazia bado alikuwa mwingine.

Wapagazi wale waliwekewa kambi Kariakoo, na hapohapo ndipo liliposimama jengo ninalolipenda kuliko yote mjini. Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa 1975, lilichorwa na Mtanzania Beda Amuli, aliyesomea usanifu Haifa, Israel. Alianza na kitu ambacho hahitaji kuelezwa mtu yeyote wa huku: soko la chini ya miti. Nguzo za zege zinapanda, zikifika juu zinafunguka kama miavuli iliyopinduliwa. Mvua inaingia humo na kuteremka kwenda kuhifadhiwa, hewa inapita pembeni. Chini kuna shimoni, biashara ya jumla. Moto wa Julai 2021 uliliunguza, likafanyiwa ukarabati. Wanaouza nyanya pale hawaliiti sanaa, na kwangu hiyo ni sifa.

Mchoraji wa picha Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, alifanya jambo la aina hiyo kwa vibao vya kawaida na rangi za dukani, tena akauzia Oysterbay, mtaa uliokuwa wa Wazungu.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba anayechora mji au jengo akishakuwa Mweusi kazi imekwisha. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Magomeni ina baraza mbele: hapo watu wanacheza bao, wanasukana, mpita njia anakaa kunywa kahawa na hakuna anayemuuliza anataka nini. Ghorofa zinazochukua nafasi yake zinaanza na fremu za maduka moja kwa moja, na hizo tunazichora na kuzijenga wenyewe. Machinga nao, wachuuzi wa barabarani, walipoondolewa barabarani mwaka 2021, walionekana kama uchafu wa mji, wakati wangeweza kuwamo kwenye michoro tangu mwanzo kama walivyo magari.

Kwa watu wenye ulemavu sheria ipo tangu 2010, na inataka majengo ya umma yafikike. Vituo vya mabasi ya mwendokasi vilijengwa sakafu ikiwa usawa wa mlango wa basi, kwa hiyo mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuingia bila kubebwa. Kazi iko kabla ya kituo: njia ya miguu imeegeshwa bodaboda, mfuniko wa mtaro haupo, na anayesukuma kiti analazimika kushuka barabarani kugombania nafasi na bajaji.