Samsung ni kampuni safi ama la? Swali lenyewe tuligawe kwanza

Watu wakinunua simu hutuuliza hivi: hii kampuni ni nzuri ama mbaya, nijibu haraka niende zangu. Mimi kazi yangu kwenye kitengo cha mazingira cha chuo kimoja hapa Mombasa ni kusoma ripoti za makampuni, na jibu la neno moja sijawahi kulipata. Mtu akikupa alama moja tu, ati hii A hii D, muulize ni alama ya kitu gani, ya mwaka gani, na ya kampuni ipi ndani ya ile kampuni.

Tuchukue Samsung manake simu zake utazikuta kila mahali, Likoni mpaka Mtwapa. Ilianza 1938 kule Korea Kusini ikiuza samaki wakavu na tambi, upande wa elektroniki ukaja 1969, na sa hizi kuna Samsung ya betri, ya kuunda meli, ya ujenzi, mpaka ya bima ya maisha. Ni ukoo bwana, jina moja nyumba nyingi, huwezi kumdai mjomba deni la mpwa lakini pia usikubali wote wakikimbia ukija kudai. Mfano ile ya ujenzi, Samsung C&T, ndo ilikuwa kwenye miradi ya makaa ya mawe, na ilitangaza Oktoba 2020 kwamba haichukui miradi mipya ya makaa. Sisi Pwani tunayajua haya mambo kwa sababu ya ule mradi wa umeme wa makaa uliopangwa Lamu, kwa hivo mtu akikuonyesha kasha la simu la karatasi iliyorejelezwa usisahau kuuliza na zile nyumba nyingine zinafanya nini.

Sasa upande wa wafanyakazi, na hapa ndo mimi hukaa sana. Hwang Yu-mi alikuwa msichana wa kiwanda cha Samsung cha chipu za elektroniki kule Giheung, Korea, akashikwa na saratani ya damu, akafa 2007 akiwa na miaka 22. Babake, dereva wa teksi, hakukubali kwamba ni bahati mbaya tu, akaanza kutafuta wengine waliougua, wakatokea wengi, wakaunda kikundi, wakapiga kambi nje ya ofisi za kampuni, na kampuni ikakataa miaka na miaka kwamba kemikali za kiwandani zinahusika. Novemba 2018 ndo ikaomba radhi hadharani na kukubali fidia ya mpaka won (pesa ya Korea) milioni 150 kwa mgonjwa mmoja. Hesabu mwenyewe kutoka 2007. Ukifungua ripoti inayong'aa ya mwaka wowote hapo katikati utakuta maneno matamu kuhusu afya ya wafanyakazi, yaani hiyo ripoti peke yake isingekusaidia chochote.

Vyama vya wafanyakazi ni hivo hivo. Miaka mingi Samsung ilikuwa haitaki chama kabisa, mpaka Mei 2020 mkuu wake Lee Jae-yong akaahidi kwamba mambo hayo yamekwisha, na 2024 wafanyakazi wa Samsung Electronics wakagoma mara ya kwanza. Huyo Lee mwenyewe alifungwa kwa hongo, akatoka kwa parole, yaani kwa masharti kabla kifungo kuisha, 2021, akasamehewa na rais 2022, na kwenye kesi nyingine ya kuunganisha kampuni akaachiliwa, mahakama ya juu ikathibitisha 2025. Haki ni haki, ukiandika alichofungwa andika na alichoachiliwa.

Kwa hivo swali ninalolipa uzito kuliko yote ni hili: walibadilika wenyewe ama walisukumwa? Simu za Note 7 zilipokuwa zinashika moto 2016 zikarudishwa kwa mamilioni, shirika la mazingira la Greenpeace ndo walioshika bango wakiuliza zinaenda wapi zote hizo, na 2017 kampuni ikasema zitakazofaa zitatengenezwa upya, nyingine zitolewe vipuri na madini. Matokeo mazuri, lakini usimpe sifa yote aliyesukumwa. Na kobalti, madini ya betri, ambayo nyingi inatoka hapo Kongo kwa jirani, shirika la haki la Amnesty waliandika 2016 kuhusu watoto machimboni wakazitaja Apple, Samsung na Sony pamoja, kwa hivo kama unahamia Apple kukimbia lile bado uko pale pale.

Kwenye umeme angalia ramani. Samsung Electronics iliahidi kutumia umeme safi asilimia 100 Marekani, Ulaya na China kufikia 2020, na ikafanya kweli. Safi. Lakini Korea yenyewe na Vietnam, ambako kazi kubwa ya viwanda iko, hazikuwa kwenye ile ahadi! Zilikuja kuguswa na tangazo la Septemba 2022, viwanda vya nje ya Korea vikapewa miaka mitano, na kampuni nzima pamoja na Korea lengo likawekwa 2050. Ahadi ukisoma, soma na kilichoachwa nje.

Matangazo pia. Australia 2022 Samsung ilipigwa faini ya dola milioni 14 za huko kwa matangazo yaliyoonyesha simu zikiingia kwenye swimingi pul na baharini, wakati ukichaji ikiwa bado imelowa tundu la chaja linaweza kuharibika, na mafundi wetu wa Mwembe Tayari hawakuhitaji mahakama kujua chumvi ya bahari inafanya nini hapo. Italia nayo 2018 iliitoza euro milioni 5 kwa apdeti zilizofanya simu za zamani kuwa nzito, Apple ikatozwa milioni 10.

Sehemu kubwa ya uchafuzi wa simu hutokea inapotengenezwa, kabla hujaiwasha. Ndo manake simu kudumu ni jambo la mazingira si la ubahili, na hapo Samsung naipa sifa, Galaxy S24 ya 2024 ilikuja na ahadi ya miaka 7 ya apdeti. Dunia ilitoa tani milioni 62 za taka za elektroniki 2022, zilizokusanywa na kurejelezwa kwa kumbukumbu hazikufika robo. Mombasa tumeshaonja risasi ya betri (ile metali, lead) pale Owino Uhuru, kiwanda kiliyeyusha betri watu wakapata sumu, mahakama ikaamua 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea mpaka mahakama ya juu 2024. Kanuni za Kenya za 2024 sasa zinamtaka anayetengeneza ama kuingiza bidhaa abebe mzigo wake ikigeuka taka, kwa hivo betri iliyovimba usiitoboe wala usimpe mtu wa skrapu na mkokoteni, muulize muuzaji inapokelewa wapi.

Na kabla hujalipa muulize apdeti zinaisha mwaka gani. Taja modeli kamili, jina la Samsung peke yake halitoshi, manake simu za Galaxy A na za Galaxy S za mwaka mmoja zimekuwa zikipewa miaka tofauti.