Kikundi cha wagonjwa: maswali tunayoulizwa sana kwenye vituo vya afya Bukavu

Munganga alisha nipa dawa, asistanti sosiale (mfanyakazi wa ustawi wa jamii) ananiita tena kwenye kikundi, cha nini?

Juu dawa ya TB (kifua kikuu) unaimeza kila siku miezi 6, na ya VIH (virusi vya UKIMWI) ni maisha yote. Kinachofanya mtu aache njiani si kidonge peke yake. Ni mwenye nyumba kusikia, ni bwana kuuliza hizi dawa za nini, ni kukosa franga ya kulipa pikipiki, ni kula mara moja kwa siku na dawa inakuzungusha kichwa. Munganga naye benchi imejaa watu inje, hayo hayamfikie. Kwenye kikundi yanatoka, na mara mingi mwenye jibu ni mugonjwa mwenzako aliyepita pale pale. Tena si mambo ya leo: 1905 kule Boston, Marekani, munganga Joseph Pratt alikuwa anakusanya wagonjwa maskini wa TB kila juma, dawa yenyewe haijapatikana bado.

Wa TB hawataambukizana?

Aliyeanza dawa juzi angoje kwanza munganga aseme haambukizi tena. Na mukutane mahali hewa inapita.

Na siri yangu je?

Tuseme ukweli: asistanti sosiale amefungwa na siri ya kazi, lakini jirani yako kwenye kiti hana kinachomfunga ila neno lake. Ndiyo maana siku ya kwanza kabisa mnapatana, ya humu inabaki humu. Hakuna anayekulazimisha kusema yote. Na kama unakaa Kadutu unaogopa kukutana na mtu wa avenyu yako, omba kikundi cha Panzi ao Bagira, si aibu kuomba.

Ni kama masomo?

Apana. Asistanti akiongea toka mwanzo mpaka mwisho, hiyo ni masomo tu, hata kama mlikaa duara. Kazi yake ni kuuliza, kumpa nafasi yule mama ambaye hajafungua kinywa, na kumtuliza mzee anayejibu kila kitu (yuko kwa kila kikundi, huyo). Watu 8 ao 10 hivi wanatosha, wakiwa 30 wenye haya hawatasema kitu.

Lakini inaponyesha kweli?

Kuna utafiti ulitoka 2013, ulifanywa hapa kwetu Kivu na wanawake waliobakwa. Wengine walipata kikao 1 cha peke na 11 vya kikundi, wengine wakasaidiwa mmoja mmoja. Kisha miezi 6, wenye dalili za huzuni kali ao wasiwasi walikuwa 9 kwa 100 upande wa kikundi, na 42 kwa 100 upande ule mwingine. Ila aliyebakwa leo asingoje kikundi, aende hospitali haraka, dawa ya kuzuia VIH inaanzwa kabla ya masaa 72.

Tunaweza kufanya likirimba (kuchanga franga na kupokea kwa zamu) humo?

Mnaweza, lakini muitenganishe na siku ya dawa, juu mwenye deni ataogopa kuonekana na ataacha dawa pamoja na deni. Mie naona bora kuanza na zamu ya kuchukua dawa: kule Tete, Msumbiji, tangu 2008 watu wa VIH wanajipanga 6 hivi, mmoja anaenda kituoni anachukulia wote, mwezi mwingine ni mwenzake.