Lebo safi haimlindi mwanariadha

Mimi ni mfamasia hapa Tanga, na sehemu ya kazi yangu ni kuwashauri wachezaji kuhusu dawa. Mwezi uliopita kijana mmoja anayekimbia mita 1500, ambaye hufanya mazoezi yake alfajiri huko Raskazone, aliniwekea mezani kopo la unga wa protini. "Shikamoo daktari. Humu hamna dawa iliyokatazwa?" Niliisoma lebo yote, na sikukuta kiambato chochote kilichokatazwa, hata hivyo nilimweleza kwamba lebo peke yake haiwezi kumhakikishia.

Kiwanda kimoja huweza kutengeneza bidhaa nyingi kwa mtambo uleule. Aliyepeleka mahindi mashineni nyuma ya mtu aliyesaga muhogo anajua kwamba unga wake wa mwanzo utatoka na muhogo, hata kama mwenye mashine ni mwaminifu. Kijiko cha gramu 30 kina mikrogramu milioni 30, ilhali maabara za michezo hubaini vitu kwa nanogramu, yaani sehemu ya elfu ya mikrogramu, katika mililita moja ya mkojo, kwa hiyo vumbi lisiloonekana kwa macho laweza kutosha kumfungia mtu. Wapo pia watengenezaji wanaotia dawa kwa makusudi ili mnunuzi aone matokeo ya haraka, na hao nawahesabu kuwa wadhalimu. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipopima bidhaa 634 zilizonunuliwa katika nchi 13 mwaka 2000 na 2001, ilikuta 94 kati yake, karibu asilimia 15, zina steroidi, yaani dawa za kukuza misuli, ambazo hazikutajwa kwenye lebo.

Kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, humwajibisha mchezaji kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, awe alikusudia au hakukusudia. Akithibitisha kwamba bidhaa ilichafuliwa, adhabu yaweza kupunguzwa hadi onyo, lakini mzigo wa kuthibitisha ni wake. Muogeleaji wa Marekani Jessica Hardy aliikosa Olimpiki ya Beijing ya 2008 kwa sababu ya klenbuteroli, dawa iliyokatazwa, iliyotoka katika kirutubisho. Mwaka 2024 mchezaji tenisi Iga Świątek wa Poland alikutwa na trimetazidini, dawa ya moyo iliyokatazwa michezoni, iliyokuwa imeingia katika vidonge vyake vya usingizi vya melatonini. Alifungiwa mwezi mmoja tu, kwa kuwa alikuwa na mawakili na wataalamu wa kuifuatilia dawa hiyo hadi chanzo chake. Kijana wangu nauli ya kwenda mashindanoni huchangiwa na ndugu. Nani atamlipia maabara?

Ndiyo maana huwasihi kwanza wategemee dagaa, maharage, mayai na maziwa, ambavyo kwa wengi wao vinatosha kabisa. Anayelazimika kutumia kirutubisho achague kile ambacho kila toleo lake, yaani kila mkupuo uliotengenezwa pamoja, hupimwa na maabara huru, na anunue makopo mawili ya toleo moja, moja alihifadhi bila kulifungua, kwa sababu kopo lililokwisha kufunguliwa ni ushahidi dhaifu: mtu anaweza kudai kwamba dawa ilitiwa baadaye.

Kwa bahati kijana alikuwa na kopo la pili nyumbani, halijafunguliwa. Alilileta jioni ileile, tukalinganisha namba za toleo zikalingana, tukalitia katika bahasha pamoja na risiti na kuandika tarehe juu yake, maana unga ule alikuwa amekwisha kuutumia kwa wiki tatu.