Mafuta kwenye lishe ya mwanakondoo: dhana potofu na ukweli

"Ongeza mafuta, atanenepa haraka."

Wafugaji hupiga hesabu wakaishia nusu. Ni kweli gramu ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu ya wanga. Ila tumbo la kwanza la kondoo, rumeni, limejaa bakteria wanaomeng'enya majani, na mafuta ya alizeti au pamba yakizidi huwadhuru na kuzifunika nyuzi wasizifikie. Mnyama hupunguza kula, majani aliyokula hayamfaidii, na uzito unagoma.

Ndiyo sababu mafuta yote kwenye lishe hayapaswi kuzidi asilimia 6 au 7 ya chakula kikavu, yaani chakula kikiondolewa maji. Mwanakondoo anayekula kilo moja kwa siku ana nafasi ya gramu 60 hadi 70, na majani peke yake huwa na 20 hadi 30. Gramu 300 za mashudu ya alizeti (masalia ya mbegu zilizokamuliwa) yenye mafuta asilimia 10 zinampa 30 nyingine, pamoja na protini, ambayo wakati wa kiangazi mara nyingi ndiyo iliyopungua. Kumnunulia mafuta ya kupikia ni kutupa hela, naona mimi.

"Mafuta ya mimea hulainisha mafuta ya nyama."

Kwa nguruwe na kuku, sawa. Kwa kondoo, bakteria walewale huyaongezea mafuta hidrojeni kabla hayajafika utumbo mdogo. Asidi linoleiki ya alizeti, ambayo ni mafuta laini, kwa sehemu kubwa huishia kuwa asidi steariki, ambayo ni mafuta magumu, na hiyo ni mojawapo ya sababu mchuzi wa kondoo kuganda sahanini ukipoa. Kiasi kidogo huponyoka. Mbegu za kitani, kwa mfano, huongeza omega-3 kwenye nyama, lakini si kwa wingi ule uliokuwa kwenye mbegu. Mwanakondoo anayenyonya ndiye wa pekee: maziwa huikwepa rumeni na kwenda moja kwa moja tumbo la nne, kwa hiyo mafuta ya mama yake humfikia jinsi yalivyo.

Yapo pia mafuta yaliyofungwa kwa kalsiamu ili yapite rumeni salama. Mengi yametengenezwa kwa mawese, ambayo karibu nusu yake ni asidi palmitiki, mafuta magumu tayari. Nguvu utapata, ulaini usiutegemee. Na hata ukifanikiwa kuingiza mafuta laini, nyama hupoteza wekundu mapema na kuchacha upesi, isipokuwa mnyama alishwe vitamini E ya kutosha.

"Mkia mnene, nyama imenona."

Hapana. Mkia wa kondoo mwekundu wa Kimaasai ni ghala la mafuta, sifa ya aina yake ya kondoo. Hauonyeshi mafuta yaliyomo ndani ya msuli.

"Harufu ya kondoo inatokana na mashudu."

Inatokana zaidi na asidi zinazotengenezwa mwilini mwake, nazo huongezeka kwa dume asiyehasiwa kadiri anavyokua, na pia anapolishwa nafaka nyingi. Asiyeipenda achague mnyama mdogo au aliyehasiwa.