Kujaribu na kukosea: ruwaza ya lesi ya tatingi inavyopatikana

Tatingi ni lesi ya mafundo. Uzi huzungushwa kwenye shatoli, kifaa kidogo cha plastiki, mbao au mfupa chenye umbo la mtumbwi kinachoenea kiganjani, kisha mafundo hupangwa moja baada ya jingine juu ya uzi huo. Kila fundo lina nusu mbili, ndiyo maana hapa tutaliita fundo pacha. Mafundo yakishatosha, unavuta uzi wa shatoli na mstari wote unajifunga kuwa pete. Ukiongeza uzi wa pili kutoka kwenye bunda, unapata tao lisilofunga. Katikati ya mafundo unaweza kuacha uzi ulegee kidogo uwe kitanzi, cha kupendezesha au cha kuunganishia pete na pete.

Pete, tao, kitanzi. Lesi karibu yote ya aina hii imejengwa kwa vitu hivyo vitatu, na ruwaza yake huandikwa kwa tarakimu. Ukisoma "pete 5-5-5-5", maana yake ni mafundo pacha matano, kitanzi, matano tena, kitanzi, hivyo hivyo hadi mafundo 20 na vitanzi vitatu, halafu funga. Msomaji anaziona tarakimu hizo kama amri tu, lakini kwa aliyezibuni kila moja ni jibu la swali aliloliuliza kwa mikono. Kwa nini tano na si sita? Kwa sababu sita ilijaribiwa, ikakataa.

Hiyo ndiyo maana ya kujaribu na kukosea katika kazi hii: unafuma sampuli, unaangalia imekosea wapi, unabadilisha kitu kimoja, unafuma tena. Kitu kimoja, nasisitiza. Ukibadilisha idadi ya mafundo na urefu wa vitanzi kwa pamoja, sampuli ikitulia hutajua ni kipi kilichoiponya.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asipige hesabu kwenye karatasi akamaliza. Hesabu zipo, na zinasaidia. Chukua ua la pete sita zilizokutana katikati, lenye nusu kipenyo cha sentimita 1.5. Ncha za pete hizo ziko sentimita 1.5 mbali moja na nyingine, kwa kuwa pointi sita zilizogawana duara sawasawa huachana kwa urefu ule ule wa nusu kipenyo. Tao la kuunganisha ncha mbili lazima basi lizidi hapo, maana limepinda. Na kila kazi inapotanuka sentimita 1 kutoka katikati, ukingo wake unadai kurefuka takriban sentimita 6.3. Gawanya kwa sita: kila sehemu inahitaji kuongezeka sentimita 1 na kidogo.

Tatizo ni kwamba uzi haujali karatasi. Fundo pacha la mtu anayekaza sana ni fupi kuliko la mwenye mkono mlegevu. Tao likivutwa kwa nguvu linapinda zaidi na ncha zake zinakaribiana, ingawa idadi ya mafundo haijabadilika hata moja. Kwa hiyo hesabu inakupa pa kuanzia, halafu shatoli ndiyo inayoamua.

Tuseme umeanza na tao la 8-8 kulizunguka lile ua. Ukifunga mzunguko, ncha za pete zinavutwa ndani na katikati panainuka. Umepata bakuli badala ya kitambaa. Ongeza fundo moja kila upande, 9-9. Linaonekana dogo, lakini kwenye matao sita umeongeza mafundo 12. Bado likinyanyuka, nenda 10-10. Upande wa kuzidisha una ujanja zaidi: tao refu mno kwanza hujitokeza nje kwa uzuri, hata unaweza kulipenda. Balaa linakuja mzunguko unaofuata, ukingo unapofungwa na ile ziada ikakosa pa kwenda. Hapo kazi inaanza kufanya mawimbi. Kosa la mzunguko wa pili limejitokeza mzunguko wa tatu.

Hapa ndipo tatingi inapokuwa katili. Anayefuma vitambaa vya makochi kwa kulabu akikosea, anavuta uzi na mistari inafumuka hadi pale palipoharibika. Mafundo pacha hayafumuki hivyo, na pete iliyokwisha kufungwa ni kazi kuifungua, hasa ya uzi mwembamba. Mara nyingi unachukua mkasi. Ndiyo sababu wabunifu hujaribia kwa uzi mnene kwanza, wa namba 10 au 20 (namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba), tena wa rangi mbili, moja kwenye shatoli na nyingine kwenye bunda, ili waone kila uzi umepita wapi. Hufuma sehemu mbili tatu tu kabla ya kujitoa kwa duara zima, ingawa ukingo hausemi ukweli wote mpaka ufungwe.

Zamani njia ilikuwa ndefu zaidi. Kabla ya katikati ya karne ya 19, pete zilifumwa mojamoja kisha zikashonwa au kufungwa pamoja kwa uzi mwingine. Miaka ya 1850 Éléonore Riego de la Branchardière alichapisha vitabu vya tatingi huko London, na ni katika miaka hiyo kuunganisha kupitia vitanzi kulikoingia katika ruwaza zilizochapishwa. Tangu hapo kitanzi kikawa kipimo cha kurekebishia: badala ya kuongeza fundo, unaweza kurefusha kitanzi cha kuungia kwa milimita moja, na bakuli likalala.

Kuna wanaolowesha kazi, wakaibana kwa pini hadi ikauke ikiwa bapa. Kwa kitambaa cha kuweka mezani, sawa. Kwa sampuli naona ni kujidanganya, kwa sababu pini zinaficha kile hasa ulichofuma sampuli ili ukione.

Ruwaza ikishatulia mikononi mwa mbunifu, hupewa wengine waijaribu, wanaokaza na wanaolegeza, na kwa nyuzi tofauti. Ukitoka uzi wa 20 kwenda wa 80, idadi ya mafundo kwa kawaida haiguswi, kazi inapungua tu ukubwa. Vitanzi ndivyo vinavyosahaulika: ukivipima kwa kile kile kipande cha kadi ulichotumia kwenye uzi mnene, vinabaki virefu kuliko pete zilizosinyaa, na ukingo unarudi kwenye mawimbi.